Miguu ya Mpanda Farasi

Samaki usimkunje angali mbichi, maana atakunjika. Mwanangu alikunjika. Tulimkunja sisi wenyewe, kwa mapenzi, kwa ngozi za kondoo na kwa baridi ya miezi mingi, na alipoinuka kutembea kwa miguu iliyopinda kama upinde wa mshale, ukoo mzima ulimshangilia.

"Hebu tazameni miguu hiyo!" alisema Gombo, jirani yetu, sikukuu ya mwezi mweupe, yaani mwaka wetu mpya, huku akipokea bakuli la chai ya chumvi. "Kati ya magoti linapita pipa. Huyu hakuzaliwa na mwanamke, huyu kazaliwa tandikoni!"

Baba mkwe wangu alicheka mpaka akakohoa. Jina lake silitaji. Mke hatamki jina la baba wa mumewe, na sheria hiyo sikuivunja hata siku moja. Watu walimwita Mkufunzi, kwa sababu hakukuwa na mtu bondeni kwetu aliyejua kumtayarisha farasi wa mbio kama yeye. Na yeye mwenyewe alikuwa na matege. Akisimama, ungedhani farasi ameondoka chini yake sasa hivi na yeye hajapata habari.

"Ukoo haujifichi," alisema, akimpakata mwanangu. "Eti, Enebish? Utampanda yule Kijivu?"

"Nitampanda, babu."

"Utamkimbiza?"

"Mpaka atoe moshi!"

Enebish maana yake ni Si Huyu. Kabla yake nilizaa wawili wakafa, basi wa tatu tukampa jina hilo, ili balaa likija mlangoni kumtafuta mtoto liambiwe, si huyu, nenda zako. Tukamfunika vizuri pia. Tulimfunga nguo mikono na miguu, kamba juu yake, kama mzigo wa safari ndefu, na majira yote ya baridi ya kwanza hakutoka nje ya hema. Ya pili vilevile. Nani anatoa mtoto nje wakati mate yanaganda kabla hayajafika chini? Jua alilijua kama duara dogo la mwanga lililoingia kwa tundu la moshi, likatambaa sakafuni, likapanda sandukuni, likaondoka. Alikuwa akilinyooshea mkono, na mama mkwe, Mungu amrehemu, akiurudisha mkono ndani ya nguo na kukaza kamba. "Usipokaza," aliniambia, "miguu haitanyooka."

Tulikaza. Haikunyooka.

Mimi si mjinga wa kutojua niliona nini. Nilisomea malezi ya watoto, nikapata cheti, nikafanya kazi katika shule ya chekechea ya makao ya wilaya wakati serikali ya zamani ilikuwa bado na uhai. Kila asubuhi ya baridi niliwapanga watoto mstari, nikawatia vinywani kijiko cha mafuta ya samaki. Walinichukia kwa moyo mmoja. Wengine walinitemea. Kisha serikali ile ikaanguka, na samaki akaanguka nayo. Chekechea ikafungwa, madirisha yakang'olewa, nikarudi hemani kwa mume wangu Luvsan nikiwa na cheti na mimba. Kwa hiyo nilipomwona Enebish akilowa jasho kichwani hali kumeganda, meno yake yakichelewa, vifundo vya mikono yake vikinenepa, na mbavuni mwake vinundu vimejipanga kama tasbihi ya lama, niliyajua niliyokuwa nayaona. Niliyasema. Wakanijibu kwamba kusoma kumenitia woga.

Alipofika miaka mitano alianza kuniomba nimbebe. Hakulia. Alikuwa anasimama tu njiani kati ya hema na zizi la kondoo, akiinua mikono.

"Miguu imechoka, mama."

"Umetembea wapi ikachoka?"

"Haijatembea. Imechoka tu."

Siku ile ile nilimfunga mgongoni, nikatandika farasi wangu, nikaenda makao ya wilaya kwa daktari.

Daktari Norjmaa alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya mchunga ngamia. Alivaa koti jeupe juu ya koti la manyoya, kwa kuwa hospitali haikuwa na makaa.

"Mbona amebebwa? Mshushe."

"Miguu inamuuma, daktari."

"Ndiyo maana nasema mshushe. Nitamjua vipi akiwa mgongoni mwako kama begi?"

Enebish akatembea. Alitembea kutoka mlangoni hadi mezani akiyumba huku na huku kama bata, na alipofika akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Daktari akainama mbele yake. Alimpapasa vifundo vya mikono, akabonyeza magoti, akapitisha kidole mbavuni. Kisha akanitazama mimi.

"Unajua kutengeneza maziwa makavu?"

"Nani hajui?"

"Ukiyaondoa juani kabla ya wakati, yanakuwaje?"

"Nje yamekauka, ndani laini."

"Basi hiyo ndiyo mifupa ya mwanao. Imeondolewa juani kabla ya wakati. Hapana, nimekosea. Haikuwekwa juani kabisa."

Alifungua kabati kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Ndani mlikuwa na vitu vichache sana, vyote kutoka katika sanduku moja la msaada, maandishi yake ya nchi nisiyoijua. Akanipa chupa ndogo ya matone na kopo la vidonge vyeupe vikubwa.

"Matone ni vitamini D. Yanafanya kazi ambayo jua lingefanya. Vidonge ni kalsiamu, hiyo ndiyo mifupa inajengwa nayo. Usimpe kimoja ukaacha kingine. Tandiko bila mkanda linakumwaga. Kila siku, bila kuruka. Vikiisha, njoo. Kama vitakuwapo nitakupa, kama havipo nitakwambia havipo."

"Atapona?"

"Mifupa itakomaa. Kunyooka ni jambo jingine. Akiwa mdogo hivi kunawezekana, kidogo kidogo, miaka kadhaa. Lakini asivunjike. Ikivunjika sasa itaunga vibaya, na hapo hata mimi sina maneno."

"Na farasi?"

"Farasi gani tena?"

"Babu yake ni mkufunzi. Kiangazi hiki anataka apande mbio."

Daktari Norjmaa aliweka miwani juu ya meza. "Mwambie huyo babu, mpaka mimi niseme, mtoto huyu asipande hata farasi wa kuchorwa."

Nilifikisha salamu hizo kama zilivyo. Baba mkwe alinisikiliza huku akichonga kijiti. Luvsan alikuwa anakunywa mchuzi, na akaendelea kuunywa polepole sana, kama mtu anayetumaini bakuli litamficha.

"Mimi nina miguu hii," baba mkwe alisema. "Baba yangu alizikwa nayo. Huyo daktari anataka kusema ukoo wangu mzima ni wagonjwa?"

"Ndiyo, baba."

Luvsan alipaliwa.

Baba mkwe hakunipigia kelele. Hakuwa mtu wa kelele, na hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu. Alikuwa mzee mpole, aliyeamka kabla ya watu wote kuwasha moto ili tusivae nguo baridi. Alimpenda Enebish kuliko alivyompenda mwanawe mwenyewe. Alikitazama kile kijiti, kisha akasema, "Mpe dawa yako, mama Enebish. Dawa haijamzuia mtu kupanda farasi."

Nikampa. Matone niliyadondosha juu ya utando wa maziwa, kidonge nikakisaga na kukikoroga ndani ya chai. Baridi ilikuwa bado kali, lakini adhuhuri nilimtoa nje, nikamkalisha upande wa hema usio na upepo, nikamvua kofia na kumwacha uso na mikono wazi. Majirani waliopita walitikisa vichwa. Gombo aliuliza kama ninamkausha nimuuze.

"Namkausha apone," nikamjibu. "Wewe ungekaushwa ulevi ungepona pia."

Theluji ilipoanza kulainika, Enebish aliacha kutokwa jasho kichwani. Alianza kula na kuomba tena. Siku moja alikwenda mpaka mtoni na kurudi, na aliporudi hakuinua mikono. Alinipita tu, akaingia ndani, kana kwamba ni jambo la kila siku. Nilibaki nimesimama nje na ndoo yangu. Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu katika maisha yangu nimeona kwamba ukicheka mapema unasikika.

Na kweli. Haukupita muda, nikaona kopo linaisha upesi kuliko mkono wangu. Nilidhani nimehesabu vibaya. Nikadhani mtoto anavichukua kuvitafuna kama peremende. Kisha asubuhi moja nikatoka kutafuta mwana-kondoo, nikapita nyuma ya mahali farasi wanapofungwa. Baba mkwe alikuwa amesimama mbele ya Kijivu, kiganja wazi. Farasi alikuwa anatafuna. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Baba, hiyo ni nini?"

"Chumvi."

"Chumvi inanuka dawa?"

Alifuta kiganja kwenye koti. Hakuona haya, alinitazama kwa subira, kama mtu anayemfafanulia mtoto.

"Umesema ni dawa ya mifupa."

"Ya mifupa ya mwanangu!"

"Sikiliza, mwanangu. Mtoto hakimbii. Anayekimbia ni farasi. Yeye ndiye atakayeibeba mifupa yote, yake na ya mtoto. Mguu wa farasi ukiwa imara, mtoto yuko salama. Ukimpa farasi, umempa Enebish."

Nikauliza, "Na matone?"

"Nayo. Lakini yananuka samaki, akayakataa. Ikabidi nimchanganyie na pumba."

Nilikimbia ndani, nikaifungua chupa, nikailamba shingo. Yalikuwa maji.

Luvsan nilimkuta akishona hatamu.

"Baba yako amempa farasi dawa ya mtoto."

"Ameniambia."

"Amekuambia! Na wewe ukasema nini?"

"Baba ni baba, Tsermaa."

"Na mtoto ni nani?"

"Usipige kelele, watu watasikia."

"Wasikie! Nani mwingine atasikia, wewe una masikio?"

Nikarudi kwa daktari. Alinionyesha kabati. Havikuwapo, na visingekuwapo mpaka lori la msaada la vuli. Aliposikia dawa imekwenda wapi alifumba macho, na nikaona bega lake linatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Basi yule farasi," alisema, "atakuwa na meno mazuri." Kisha akajifuta. "Kiangazi kinakuja. Mvue nguo, mwache juani mchana kutwa, mpe maziwa, mpe ini ukilipata. Hicho ndicho kilichobaki. Lakini kiangazi kimoja hakifuti baridi zote alizokaa gizani. Akipanda mbio zile akaanguka, atavunjika. Na hata asipoanguka, kule kurushwarushwa peke yake kunatosha. Umenielewa?"

Nilikuwa nimemwelewa tangu mara ya kwanza.

Mazoezi yakaanza. Baba mkwe alimwinua Enebish, akamkalisha mgongoni mwa Kijivu, na lazima niseme kweli: juu ya farasi mwanangu alikuwa mtu mwingine. Chini alikuwa bata. Juu alikuwa mkuki. Aliimba ule wito wa wapanda farasi, mrefu, mwembamba, na Kijivu akageuza masikio kumsikiliza.

"Mama! Niko juu!"

"Nakuona."

"Naona mpaka mtoni! Naona mpaka kwa kina Gombo, mke wake anamfokea!"

Lakini aliposhushwa hakuweza kusimama. Aliuma mdomo, akashika mguu wa babu yake kama mtu anayeshika nguzo, na babu yake akamwinua, akambusu utosi. "Amechoka. Wapanda farasi huchoka." Jioni nilimkanda mapaja kwa mafuta ya kondoo, naye akaniomba nisimwambie babu.

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba inauma. Atampa mtoto mwingine Kijivu."

Nilimwendea baba mkwe nikapiga magoti. Ndiyo, hata magoti nilipiga. Alikuwa anakwangua jasho la Kijivu kwa ule ubao wake mrefu.

"Mwaka mmoja tu, baba. Mwakani nitampandisha mimi mwenyewe."

"Mwakani atakuwa mzito."

"Atakuwa mzito kwa sababu atakuwa amekomaa mifupa!"

"Kijivu naye mwakani hatakuwa huyu. Farasi ana kiangazi kimoja, mwanangu. Nimengoja farasi huyu maisha yangu yote." Alisema hivyo kwa upole, akaendelea kukwangua. Hapo nikajua hakuna neno litakalomgeuza. Angeniacha niongee hadi ulimi uote sugu, angenimiminia chai, na siku ya mbio angemwinua mwanangu na kumweka juu.

Siku ikafika. Uwanda ulijaa mahema, moshi na watu waliovaa mikanda mipya. Maziwa ya farasi yaliyochachuka yalikuwa yakizunguka kwa mabakuli makubwa, na Gombo alikuwa ameshakunywa kiasi cha kumwita kila mtu ndugu. Kijivu alikuwa amefungwa kishungi juu ya paji la uso, mkia umezungushiwa ngozi. Enebish alivaa shati jekundu nililolishona mimi, kwa mkono wangu, nikijua ninashona nini. Mbele ya farasi kulikuwa na kipande cha sufu, na juu yake hatamu, imefungwa kitambaa cha hariri cha buluu. Mzee mmoja alikuwa akiipitishia moshi wa majani matakatifu. Ikishavishwa, mtoto anapanda, wanaondoka kwenda mahali pa kuanzia.

Kuna jambo kila msichana wa kwetu anafundishwa kabla hajajua kufunga mkanda. Hatamu haivukwi. Mti wa kukamatia farasi hauvukwi. Mimi nilipigwa kofi na mama yangu nikiwa mdogo kuliko Enebish kwa kunyoosha mguu tu juu ya kamba ya farasi. Mwanamke akivuka hatamu, bahati ya farasi imekatika, na aliyeikata hajulikani ataiunga kwa nini.

Baba mkwe alimshika Enebish kwapani. Nikaona mwanangu anakaza uso ili mguu usimsaliti mbele za watu.

Nikatoka katikati ya wanawake. Nikainua pindo la joho langu. Nikaivuka hatamu.

Kisha nikageuka, nikaivuka tena kurudi, taratibu, ili asiwepo wa kusema niliteleza.

Yule mzee wa moshi aliacha majani yakamwangukia mguuni, na hakuyaondoa.

"Tsermaa," Gombo akasema, na ulevi ulikuwa umemtoka, "umelewa?"

"Sijalewa. Nimevuka."

"Hukuona?"

"Niliona vizuri sana."

Baba mkwe alikuwa bado amemwinua Enebish hewani, si juu ya farasi wala si chini. Alinitazama. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige, ingekuwa nafuu. Alimshusha mtoto polepole, miguu ikagusa nyasi, na hakumwachia mpaka alipohakikisha amesimama. Kisha akamfungua Kijivu kile kishungi cha pajini, akakunjua ngozi ya mkia, akamwongoza nje ya uwanja bila hatamu, kwa kumshika manyoya ya shingo tu. Watu walimpisha njia. Hakuna mkufunzi ambaye angemwazima hatamu nyingine, na yeye asingeomba.

Enebish alinijia akiwa na mjeledi wake mdogo wa mpanda farasi. Alinichapa mapajani, alinichapa, alinichapa, akipiga mayowe kwamba mimi si mama yake. Nilisimama. Kila alipochapa alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na mimi niliitazama hiyo miguu.

Baba mkwe alihamisha hema lake na farasi wake bonde la pili. Luvsan alikwenda kumsaidia kuhama. Hakuniacha, lakini hakurudi. Lori la vuli lilipokuja nilikuwa nimeshapanga foleni mlangoni kwa daktari Norjmaa kabla halijapakuliwa. Nilipewa matone na vidonge, na safari hii nilivilalia kichwani. Baridi ile nzima nilimpa mwanangu dawa, na baridi iliyofuata. Alizipokea kinywani bila kuniangalia. Mifupa ilikomaa. Mguu wa kushoto ulinyooka hata ungesema haukuwahi kupinda. Wa kulia ulibaki na kikombo chini ya goti, na daktari aliugonga kwa kidole akasema, huu ndio basi, lakini ni mgumu, utambeba.

Baridi hiyo hiyo ya pili mvua ilinyesha juu ya theluji, ikaganda. Nyasi zilikaa chini ya barafu kama vitu nyuma ya kioo, mifugo ikizitazama. Kila bonde lilipoteza. Kijivu alikufa amesimama, wanasema, kichwa amekielekeza upande wa hema, na ilibidi wamsukume ili aanguke. Baba mkwe alibaki na majike matatu. Barafu ilianguka juu ya kila mtu, lakini watu walitaka mlango ambao balaa lilipitia, na mlango ukawa mimi. Mke wa Gombo akaacha kunywa chai yangu. Nikiingia hema la mtu, kamba zote huondolewa sakafuni haraka, kimya kimya, kama visu mbele ya mtoto. Nimezoea. Si kweli, sijazoea.

Enebish alipopata miaka kumi na sita alikwenda kuishi kwa babu yake. Ni mrefu kuliko baba yake. Anachechemea kidogo sana, hata asiyejua hawezi kuona. Majira ya baridi yaliyopita alikuja kwangu kwa pikipiki, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Babu anakufa."

Nikachukua koti langu.

Hema la baba mkwe lilikuwa na moto mdogo. Luvsan alikuwapo, amezeeka. Mzee alikuwa amelala upande, amekuwa mdogo kama fungu la kuni, na chini ya ngozi ya kondoo hata kulala kwake miguu ilikuwa imeshikilia farasi asiyekuwapo. Nilimwinua kichwa, nikamnywesha chai, nikamfuta mdomo. Aliniachia nimfanyie hayo yote. Mkono wake ulikuwa mwepesi.

"Mama Enebish," alisema. "Mwanangu."

"Naam, baba."

"Mimi nimekusamehe zamani. Lakini wao hawajanisamehe mimi. Kijivu na wenzake. Nawasikia. Wewe ndiye uliyekata, ni wewe unayeweza kuunga. Sema umekosa. Neno moja tu, nife kimya."

Luvsan akaangalia moto. Enebish akaja akachuchumaa mbele yangu, akachuchumaa hadi chini kabisa, magoti yakakunjika na kumbeba, akanishika mkono kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mama, sema tu. Ni maneno."

"Kama ni maneno tu, mnayatakia nini?"

"Kwa ajili yake! Huna huruma? Ulimtia aibu mbele ya nchi nzima. Mimi ningeshinda! Kila mtu anasema ningeshinda. Kitu kimoja nilichokuwa nacho maishani, mama, ukakivuka kama kinyesi. Huwezi kusema hata 'nimekosa'?"

Nilimpenda yule mzee. Ndiye aliyewasha moto nikiwa na mimba, ili nisivae nguo baridi. Nilikaa naye mpaka asubuhi, nikamgeuza alipotaka kugeuzwa, na kila alipofumbua macho alinitazama mdomo, akingoja, na mimi nikampa chai. Alikufa kabla mvuke wa bakuli haujaisha.

Mazishini hakuna aliyesimama karibu nami. Wanasema nilimnyima mtu anayekufa neno moja. Ni kweli, nilimnyima. Hatamu ile ikilazwa tena mbele yangu leo, na mtoto yule wa miaka mitano akiinuliwa juu yake, nitainua pindo. Siombi radhi.